Mlango Uliofungwa kwa Heshima

Ukiiacha lami ya Songea–Mbinga na kuingia katika vijiji vinavyoizunguka Peramiho, hukosi kuiona nyumba ya matofali ya kuchoma isiyo na mtu. Bati limeshika kutu, nyasi zimefika dirishani, jikoni kumebaki mafiga, na mlango wa mbele una kufuli. Si nyumba isiyo na mwenyewe. Jirani yeyote atautaja ukoo bila kufikiri: wazee wamefariki, watoto wako Dar es Salaam, Mbeya na Songea mjini, ufunguo anao baba mdogo. Kisha ataongeza kwamba ndani kila kitu kipo kama kilivyoachwa, na atalisema hilo kwa kuisifia familia, kwa kuwa watoto waliojizuia kuuza kitanda cha mama yao wanahesabiwa kuwa na adabu. Hoja yangu ni kwamba kufuli hilo, tunalolitia kwa heshima, ndilo linaloangamiza kile tulichotaka kukiheshimu. Wajibu wetu kwa waliofariki ni kuufungua mlango, kuviandika vitu kimoja kimoja, kuwauliza wazee waliobaki kila kitu kilikuwa cha nani, na kuvigawa kwa walio hai, hata kama nyumba yenyewe itaachwa ianguke.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba kuifunga nyumba ya marehemu ni mila ya wazee. Wangoni, ambao mababu zao waliuvuka mto Zambezi pamoja na Zwangendaba mwaka 1835 na baadaye wakaifikia nchi hii ya kusini, walikuwa watu wa kujenga na kuhama. Nyumba zao, sawa na za wenyeji waliowakuta, zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo huhifadhiwa na moshi wa jiko lake. Moto ukizimika, mchwa huingia na paa halichukui miaka mingi kulala chini. Mwenye nyumba alipofariki, hapakuwa na haja ya kuamua juu ya mlango. Mitungi, vinu, majembe na ngao vilipita mikononi mwa walio hai kwa sababu havikuwa tena na pa kukaa. Mila ilijua la kufanya juu ya ng'ombe, juu ya wajane, juu ya jina la marehemu na nani alirithi. Haikulazimika kujua la kufanya juu ya nyumba inayosimama miaka 30 bila mtu, kwa kuwa nyumba kama hiyo haikuwepo.

Lililoileta ni tofali. Wabenediktini wa St. Ottilien walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 chini ya Padri Cassian Spiss. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905 misheni hiyo ilichomwa moto, na Spiss, aliyekuwa sasa askofu, aliuawa mwaka huohuo akiwa safarini kuelekea kusini. Watawa waliporudi walijenga kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, na kwa miongo iliyofuata karakana na mafunzo ya ufundi ya Peramiho yalitoa waashi, maseremala na mafundi bati ambao walikwenda kujenga kwao kile walichokijenga misheni. Mwalimu, katekista, muuguzi wa hospitali ya Peramiho, mkulima wa tumbaku aliyefanikiwa: kila mmoja alitaka nyumba ya tofali, mlango wa mbao zilizopigwa randa, na kitasa. Nyumba hiyo ni sifa ya watu waliofanya kazi, na simdharau hata mmoja wao. Lakini ilikuja na uwezo ambao hakuna aliyeufikiria wakati ule, uwezo wa kuishi kuliko watu wake. Kufuli tunaloliita heshima ya mila lina umri wa tofali. Desturi iliyotutangulia ilikuwa kuvipitisha vitu.

Kuondoka nako si jambo geni katika nchi hii, na aina ya kuondoka huonekana katika kilichoachwa. Kati ya 1905 na 1907 Wajerumani walichoma vijiji na vihenge vya chakula hadi njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Waliokimbia waliacha kila kizito, na waliorudi walikuta majivu. Baadaye Songea ikafanywa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge. Manamba walisafirishwa hadi Tanga, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri mwaka 1944, na P. H. Gulliver, mtaalamu wa jamii aliyetumwa na serikali ya kikoloni, aliandika kitabu kizima mwaka 1955 juu ya uhamaji huo wa Wangoni na Wandendeule. Manamba aliacha mke, jembe na nyumba ambayo bado ilikuwa yake. Kisha, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na watu wakaacha miembe, makaburi na mahame ambayo hadi leo yanatajwa kwa majina ya ukoo. Wa siku hizi huondoka kwa hiari, au tuseme kwa hiari ya mtu asiyeona njia nyingine, na huacha kile ambacho chumba cha kupanga mjini hakina nafasi nacho: kinu na mchi, jiwe la kusagia, kitanda cha kamba, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, cherehani ya miguu, sanduku la bati. Jembe lililotundikwa juu kwenye boriti liliachwa na mtu aliyekusudia kurudi msimu ujao. Jembe lililolala mlangoni liliachwa na mtu ambaye hakupata muda wa kukusudia lolote.

Sanduku la bati linastahili kuzungumziwa peke yake. Katika nyumba nyingi za kizazi kilichozaliwa kabla ya Uhuru lilikaa chini ya kitanda cha baba, na lilikuwa benki, ofisi na kabati la siri kwa pamoja. Ndani yake huwamo cheti cha ubatizo na cha ndoa, kadi ya TANU na baadaye ya CCM, barua za mtoto aliyekuwa shule ya bweni, risiti za karo, picha ya kipaimara iliyopigwa na mpiga picha wa Songea, kitabu cha sala kilichopigwa chapa Peramiho, toleo moja au mawili ya jarida la Mlezi ikiwa mzee alikuwa mwalimu wa dini, na stakabadhi za tumbaku za chama cha ushirika. Aliyewahi kuwa manamba huenda alitunza kipande chake, ile kadi ya siku thelathini ambazo msimamizi alizipiga alama moja moja kabla mshahara haujatoka. Kila karatasi peke yake ni ndogo. Ziweke pamoja na utaona jambo ambalo halijaandikwa popote. Stakabadhi ya tumbaku ya mwaka fulani, ikilala juu ya risiti ya karo ya mwaka huohuo, inasema ni shamba lipi lililomsomesha padri au daktari ambaye leo ukoo wote unajivunia. Mfululizo wa stakabadhi ukikatika ghafla kwa miaka miwili, hapo pana ugonjwa, au msiba, au ugomvi na chama cha ushirika, na shangazi aliye hai bado anaweza kusema ni kipi kati ya hivyo vitatu.

Kuna atakayesema hapo kwamba ninazitukuza karatasi za watu wa kawaida, na kwamba takataka ni takataka hata ikiwa ya babu. Ninaichukua hoja hii kwa uzito, kwa sababu ndiyo inayowaongoza walio wengi wanapofagia. Lakini tutazame historia ya Ungoni imeandikwa na nani. Habari za misheni zimo katika kumbukumbu za watawa, sehemu kubwa kwa Kijerumani. Habari za manamba tunazipata kwa Gulliver na maofisa wenzake. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoanzia Litowa, kikawa kielelezo cha ujamaa kwa nchi nzima kabla ya kuvunjwa na TANU Septemba 1969, kinafahamika duniani zaidi kupitia maandishi ya wageni kuliko kupitia daftari la mwanachama wake mmoja. Sauti ya wenyeji ilipotafutwa kwa dhati, katika utafiti wa Maji Maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na 1969, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walilazimika kuwafuata wazee waliokumbuka vita hivyo na kuandika kutoka vinywani mwao. Wazee wale hawapo tena. Mtu atakayetaka kuandika juu ya Ungoni ya miaka ya 1950 hadi 1990, jinsi kaya ilivyolima, ilivyosali, ilivyokopa na kuzika, ushahidi wake uko katika masanduku yale, juu ya sakafu ambayo maji ya mvua ya Desemba yanaifikia kupitia tundu la bati. Yakiliwa na mchwa, nchi hii itabaki na maandishi ya waliokuja kuitazama.

Tunajua vizuri kitu kinakuwaje kikitenganishwa na watu wake, maana Songea inaishi na jeraha hilo. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa 1906, na uzao wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023, akakutana nao katika Makumbusho ya Maji Maji na kuomba msamaha, akaahidi kwamba kitatafutwa, lakini hakuweza kuahidi kwamba kitapatikana. Sababu moja ya ugumu huo ni ya kikatili kwa wepesi wake: mabaki na vifaa vilivyobebwa wakati ule viliandikwa sana kwa jina la afisa aliyevituma, mara chache kwa jina la mwenyewe. Mkuki ulioko Berlin una namba, una kabati, una joto lililopimwa, na hauna mtu. Katika nyumba zetu zilizofungwa hali imegeuka. Vitu havina kabati wala namba, lakini majina bado yanajulikana. Yako katika kumbukumbu ya mama mdogo mwenye miaka 80 anayeishi mtaa wa pili. Tuna haki ya kudai kilichochukuliwa. Ni vigumu kwangu kuielewa sauti inayodai kwa nguvu kilichoko Berlin na kukiacha kilichoko Peramiho kiliwe na panya huku shahidi wake akiwa hai.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye imani na wenye kuogopa, na mara nyingi ni watu walewale. Wanasema nyumba ya marehemu haichezewi. Kupekua vitu vyake ni kumvua nguo mtu asiyeweza kujitetea. Ninaiheshimu hofu hiyo. Hata hivyo sisi wenyewe tumekwisha kuvigusa vitu vya marehemu. Siku ya kuanua tanga nguo zake huletwa mbele ya ndugu na kugawiwa, na hakuna anayeliona jambo hilo kuwa dharau. Anayepewa koti la baba hulivaa akijua amepewa heshima. Tunachogawa ni kile kinachovalika na kinachouzika. Karatasi, picha, zana za kazi na kitabu cha sala hubaki, si kwa sababu ni vitakatifu kuliko koti, ila kwa sababu hakuna aliyefikiri ni vya nani. Tena Wakatoliki wa Peramiho, kila Novemba, hupeleka kanisani majina ya marehemu wao waombewe. Orodha hizo hufika kwa babu na bibi, mara chache huwavuka. Majina ya waliotangulia yamo katika cheti kilichoko sandukuni na katika daftari la ubatizo la parokia, na anayelifunga sanduku kwa ajili ya heshima anawanyima wazee wake sala ambayo yeye mwenyewe anaamini inawafaa.

Ugomvi ndiyo sababu ambayo watu huificha nyuma ya heshima. Fungua mlango, wanasema, na utafungua kesi. Mtoto wa mke mkubwa atauliza cherehani ilinunuliwa na nani, shemeji atadai mbao, na udugu utaishia baraza la ardhi. Hatari hiyo ipo. Ninachokataa ni imani kwamba kufuli linaizuia. Linaiahirisha tu hadi siku ambayo mashahidi wote watakuwa wamekufa, na kesi isiyo na shahidi ndiyo mbaya kuliko zote. Sheria haisubiri pamoja nasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi iliyokaa bila kutumika kwa miaka isiyopungua 5 kuanza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, kwa taratibu na matangazo ya halmashauri ya kijiji, ingawa shamba lililopumzishwa kwa makusudi halihesabiki hivyo. Familia nyingi zilizoko Dar es Salaam hazijui habari hii, na tangazo lililobandikwa kijijini haliwafikii. Tena tuikumbuke kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa mkoa wa Arusha waliodai ardhi waliyoipoteza wakati wa Operesheni Vijiji, ile kampeni ya kuwahamishia watu vijijini. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Hukumu ile ni ngao kwa kila mwenye hame, lakini ngao huhitaji mkono wa kuishika, na mkono huo ni ushahidi: nani aliishi hapo, tangu lini, alipanda nini, alizikwa wapi. Ushahidi huo upo ndani ya nyumba ileile tunayoogopa kuifungua.

Na kuna dhuluma ya kimyakimya ambayo kufuli huilinda. Amri ya sheria za kimila ya mwaka 1963 iliwaweka mabinti nafasi ya mwisho katika urithi, na ingawa sheria ya 1999 imekataza mila zinazowanyima wanawake ardhi, ufunguo kwa kawaida bado anao mwanamume. Wanawake waliozaliwa katika nyumba ile mara nyingi hawadai ukuta wala shamba. Wangetaka kinu ambacho mama yao alitwangia, au daftari alimoandika mapato ya pombe na mbogamboga zilizomsomesha mdogo wao. Sijasikia hoja yoyote ya mila inayosema kinu cha mama ni cha baba mdogo. Nyumba ikiangukia juu ya kinu hicho, aliyepoteza ni binti, na hakuna baraza litakaloandika kwamba amedhulumiwa.

Lipo pingamizi moja ambalo silijibu kwa urahisi. Sanduku lina siri. Huenda ndani mna barua ya mtoto ambaye mke hakuwahi kuambiwa habari zake, hati ya deni la ng'ombe lisilolipwa, kadi ya kliniki ya mtu ambaye familia ilitangaza amekufa kwa malaria. Mkoa wa Ruvuma ulizika vijana wengi katika miaka ya ukimwi, na kimya kilichotandazwa juu ya vifo vile kilikuwa, kwa wakati wake, namna ya kuwakinga yatima wasinyooshewe vidole. Yatima hao sasa ni watu wazima wenye watoto. Sidhani mtu yeyote ana haki ya kuisoma kadi ile kwa sauti mbele ya ukoo. Wala sidhani kwamba siri moja inatosha kuhukumu sanduku zima lioze. Wanaofaa kulifungua kwanza ni wawili: mzee mmoja anayejua historia ya nyumba na kijana mmoja anayeaminika, na wawe na ruhusa ya kutenga kando kinachoweza kumjeruhi aliye hai. Kilichotengwa apewe mwenye haki nacho kwa faragha, asipokuwepo, kichomwe. Nitalaumiwa na watafiti kwa kusema kichomwe. Ninajua thamani ya kumbukumbu, na bado naona aibu ya mtu aliye hai ina uzito kuliko udadisi wa msomaji ambaye hajazaliwa. Kuna tofauti kubwa kati ya karatasi iliyochomwa na ndugu baada ya kuisoma na kuamua, na karatasi iliyoliwa na mchwa bila mtu kujua ilisema nini.

Wa kusema kwamba kazi hii ni ya makumbusho au ya serikali, simjibu kwa marefu. Makumbusho ya Maji Maji yana kazi yake, abasia ya Peramiho ina daftari na maktaba zake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye chumba cha kuweka vitu vya kila kaya ya Ungoni. Isitoshe, kinu hakihitaji kabati la kioo. Kinahitaji mtu wa kukitumia anayejua kilikuwa cha nani.

Kazi yenyewe ni ya siku mbili tatu, na kalenda ya Ungoni imekwisha kuipangia nafasi. Baada ya mahindi kuvunwa, wakati wa kiangazi, kabla mvua za Novemba na Desemba hazijaanza, ndipo watu hurudi nyumbani kwa upadrisho, nadhiri za masista, jubilei na misa za kuwakumbuka wafu. Magari hujaa Peramiho na ndugu wasioonana mwaka mzima hukaa katika mkeka mmoja. Wakati huo ufunguo utolewe. Mzee akae kitini penye kivuli, vitu viletwe mbele yake kimoja kimoja, kijana aandike katika madaftari mawili na kupiga picha kwa simu, daftari moja libaki kijijini kwa shangazi na moja liende mjini. Karatasi ziwekwe katika ndoo yenye mfuniko unaobana. Vitu vigawiwe, na mabinti waanze kuchagua. Baada ya hapo sioni sababu ya kuulilia ukuta. Asiyekuja kuishi hana haja ya kulipa mlinzi wa mwangwi. Matofali ya kuchoma hayachakai upesi, mjukuu anayejenga Songea atayahitaji, na bati ambalo halijatoboka bado litaezeka banda la mtu. Lakini kabla fundi hajapanda kung'oa msumari wa kwanza, sanduku liwe limeshatoka, na wa mwisho kuzaliwa katika nyumba ile awe ameshaulizwa chumba kipi kilikuwa cha nani.